Beseni la Tatu

Babu Balama hakuwa msemaji.
Alikuwa mtia kuni kwenye klabu ya wenye chai, Mufindi,
ambako ukungu wa Juni humfundisha mtu kufumba mdomo
maana ukiufumbua, baridi inaingia hadi kwenye magego.
Hili alinisimulia mara moja tu,
tukimenya viazi, na kisu chake hakikusimama.

Jumamosi ile, alisema, mpishi aliletewa kikapu cha vizibo vya chupa,
avichome, avisage, avichanganye na mafuta.
Nikadhani ni dawa ya farasi.
Kisha akaitwa bibi yako. Wakaomba kanga yake,
si ile ya kanisani: hii ya njano, yenye tundu begani.
Na kikapu chake cha kuchumia. Na ngata.
Tutarudisha, wakasema.

Usiku wakaingia ukumbini,
nyuso zinang'aa kama tako la sufuria,
midomo imepakwa nyekundu, mipana kama kidonda.
Mbele yao yule tuliyemwita Bwana Kipenga,
aliyetupigia filimbi kabla jogoo hajakohoa.
Amejitanda kanga ya Sekalinga.
Anachechemea.

(Bibi alichechemea. Gogo la mkaratusi,
shamba lao, zamu yao, mguu wake.)

Nilikuwa mlangoni, kuni mikononi.
Niliujua mwendo kabla sijaijua kanga.
Akasema *kamwene*,
salamu tunayompa mgeni kabla hatujampa maji,
ikamtoka puani kama bata aliyekanyagwa,
na ukumbi ukavunjika mbavu.

Ulikasirika, Babu?

Nilichemsha maji.

Saa nane za usiku walitaka kurudi uzunguni kwao.
Beseni la kwanza likawa wino.
La pili, mto wa masika.
La tatu, ungeweza kuona sarafu chini yake.
Mabeseni matatu, mjukuu wangu! Wakatoka wekundu, wasafi,
wakiulizana nani ana kiberiti.
Weusi ule haukulipa kodi ya kichwa.
Haukuonyesha kipande getini,
wala haukusimama mvuani kusubiri mizani
ya karani anayekula ratili mbili katika kila kumi.
Waliivaa ngozi,
mzigo wake wakauacha nje, pamoja na mbwa.

Kanga ilirudi Jumatatu.
Bibi yako aliifua kwa jivu, kwa mche mzima wa sabuni,
akaisugua kwenye jiwe hadi uzi ukalia.
Yaliyotoka usoni mwao
hayakutoka kwenye nguo yake.
Akaivaa hivyohivyo. Alikuwa na kanga mbili.

Babu akatia viazi chunguni. Basi.

Juzi nilikuwa baa, Mafinga, runinga juu ya jokofu.
Mchekeshaji, kijana wetu, mweusi kuliko mimi,
kajipaka masizi juu ya weusi wake,
nywele za uzi, kanga kiunoni,
eti hausigeli kutoka Iringa.
Akadondosha sahani. Akasema *kamwene*,
na nikamsikia yule bata.

Watu walicheka. Nami kicheko kilinifika kooni,
sitadanganya, kilinifika,
kwa sababu alikuwa hodari kweli, anajua kuanguka.
Mhudumu, binti wa Kihwele wa kule Sadani, hakucheka.
Aliwahi kufua nguo za watu Dar, miaka minne.
Akafuta meza yangu, ambayo ilikuwa safi,
akaifuta tena.

Nilisema: ni mzaha tu.
Akasema: najua. Kila mara ni mzaha tu.

Nyumbani nilifungua sanduku.
Doa bado lipo, karibu na lile tundu,
kubwa kama kiganja cha mtu aliyeshikilia asianguke.
Mwanangu akauliza kwa nini hatukuitupa.
Nikamwambia ni ya bibi yetu.
Wale waliazima tu.